Lebo Isiyo na Hesabu Haimlindi Fundi

Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikaa nje ya gridi ya Taifa. Umeme uliosaga mahindi ya uwanda wa Ufipa ulitoka Zambia kwa njia ya kilovolti 66 kutoka Mbala, na majenereta ya dizeli ya TANESCO yalijaziliza. Sasa mradi wa TAZA, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2018, unaileta gridi hadi Sumbawanga kwa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma, masafa ya zaidi ya kilomita 600. Wenye vinu, wakamuaji wa alizeti na wenye maghala wanaitaka gridi hiyo, na wana sababu, maana umeme hafifu huunguza mota na kuharibu biashara. Ninalotaka kulisema hapa ni jambo ambalo mita ya LUKU hailionyeshi. Chanzo cha umeme kikibadilika, hubadilika pia ukubwa wa moto utakaomlipukia fundi usoni siku shoti itakapotokea ndani ya bodi, na hubadilika muda ambao moto huo utawaka. Hesabu ya jana ya bodi hiyo haitakuwa hesabu yake ya kesho. Na kwa bodi nyingi, hata hiyo ya jana haikuwahi kupigwa.

Fundi yeyote wa umeme anaogopa kupigwa shoti. Hapo umeme hupita mwilini, na tahadhari zake zinajulikana hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa VETA: usiguse waya ulio wazi, vaa viatu vya mpira, simama pakavu. Hatari ninayoizungumzia haingoji mtu aguse chochote. Spana ikiponyoka na kuangukia busba mbili, au panya akajipenyeza kati yake, au skrubu iliyolegea ikapata moto hadi kihami kikaungua, umeme huruka hewani kutoka shaba moja hadi nyingine na kuendelea kuwaka humo humo hewani. Huo ndio mwako wa tao. Kiini chake huweza kufika nyuzi joto karibu 19,000 za Selsiasi. Malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambazo Wafipa walitolea chuma kwa vizazi vingi, yalifanya kazi kwa nyuzi kama 1,200. Shaba ikigeuka mvuke hutanuka takriban mara 67,000 ya ujazo wake, kwa hiyo mlango wa bodi hung'oka, matone ya shaba iliyoyeyuka huruka, mshindo hupasua ngoma za masikio na mwanga huharibu macho. Fundi hapati nafasi ya kugeuza uso.

Mtanzania akisikia kwamba mtu wa Sumbawanga ameungua bila kugusa kitu, upesi hukumbuka masimulizi ya radi ambayo mji huu umebebeshwa bila haki. Aliyeunguzwa na bodi ya kinu hakurogwa na mtu. Ameunguzwa na kiasi cha joto ambacho kingeweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi miezi mingi kabla ya siku hiyo, kikaandikwa mlangoni pa bodi, kikasomwa.

Elimu ya kukokotoa joto hilo haina umri mkubwa. Alice Stoll, mtafiti wa Jeshi la Majini la Marekani, ndiye aliyepima kwa makini kiasi cha joto ambacho ngozi ya binadamu huhimili kabla ya kuungua, na kutokana na kazi yake tulipata kipimo kinachotumika hadi leo: kalori 1.2 kwa kila sentimita mraba. Hapo ndipo ngozi iliyo wazi huanza kutoa malengelenge, yaani kuungua kwa daraja la pili. Mwaka 1982 mhandisi Ralph Lee alichapisha makala iliyowaonyesha wenzake kwamba mwako wa tao ni hatari ya peke yake, tofauti na kupigwa shoti, na kwamba inaweza kuua mtu aliyesimama mbali na nyaya. Miaka 20 ikapita kabla hesabu hizo hazijawa utaratibu wa kazi. Mwaka 2002 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mwongozo wake wa ukokotoaji, namba 1584, na mwaka huo huo kanuni za umeme za Marekani zikaanza kudai onyo la hatari hii kwenye bodi za viwandani. Mwongozo ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2018. Kiwango kingine cha Marekani, NFPA 70E, ndicho kinachoeleza lebo iseme nini: volti, mpaka wa hatari, na ama joto pamoja na umbali ambao limekokotolewa, ama daraja la nguo za kujikinga. Kinataka pia hesabu ipitiwe upya angalau kila miaka 5, na kila mtandao wa umeme unapobadilishwa kwa kiasi kikubwa. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloihusu Ufipa leo.

Bodi nyingi zinazoingia nchini huja tayari na pembetatu ya manjano yenye alama ya radi nyeusi. Ni alama sahihi na ibaki. Lakini inachosema ni kwamba humu mna umeme, jambo ambalo fundi alilijua kabla hajaondoka nyumbani. Haimwambii kama bodi hii ikilipuka itamwachia malengelenge ya mkono au itamchoma uso, kifua na mapafu. Haimwambii asimame umbali gani. Bodi ya saluni na bodi ya kiwanda cha unga hubeba pembetatu ile ile.

Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu humo ndimo hoja yangu yote ilimo. Chukua kiwanda cha unga chenye transfoma yake, kVA 500, inayoshusha kilovolti 33 kuwa volti 400, yenye impidansi ya asilimia 4. Mkondo wake kamili ni ampia 722. Kama kiwanda kiko mwisho wa njia ndefu na dhaifu, ambayo nguvu yake ya shoti, yaani umeme inaoweza kuumimina shoti ikitokea, ni MVA 20, mkondo wa shoti kwenye bodi kuu utakuwa karibu kiloampia 11. Njia hiyo ikiimarishwa hadi MVA 200, mkondo hupanda hadi karibu kiloampia 17. Hizi si takwimu za kituo chochote cha TANESCO. Nimezichagua ili tuione tofauti. Nikitumia fomula za mwongozo wa 2002, ambazo mhandisi anaweza kuzifuata kwa kikokotoo cha mkononi, tao lenyewe litabeba kiloampia 6.3 katika njia dhaifu na 8.9 katika njia imara. Fundi akiwa amesimama sentimita 45 kutoka kwenye shaba, na umeme ukikatwa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, atapokea kalori 2 katika njia dhaifu na kalori 3 katika njia imara. Ni majeraha, lakini mavazi sahihi ya kawaida ya kazi hiyo yanayazuia. Umeme ukichelewa kukatwa kwa sekunde 2, hesabu inakuwa kalori 41 na 59. Hapo tunazungumzia kifo.

Tazama kilicholeta tofauti kubwa. Kubadilika kwa mtandao kumeongeza joto kwa nusu tu. Kuchelewa kwa swichi kumelizidisha mara 20. Kwa hiyo anayeuliza bodi yake ina hatari gani anauliza kwanza: shoti ikitokea hapa, nani atakata umeme, na atachukua muda gani?

Jibu huwashangaza wengi. Tuseme swichi kuu ya kiwanda hicho ni saketi breka ya ampia 800, iliyowekwa ikate papo hapo mkondo ukifika mara 10 ya huo, yaani ampia 8,000. Katika njia imara, tao la ampia 8,900 linavuka kizingiti hicho. Breka inakata ndani ya sehemu ya ishirini ya sekunde na fundi aliyekuwa kwenye bodi inayolishwa na breka hiyo anapokea kalori moja na nusu. Katika njia dhaifu, tao la ampia 6,300 halikifikii kizingiti. Breka inaliona kama mzigo mkubwa wa mota, inangoja ipate joto, na sekunde zinapita huku bodi ikiwaka. Umeme dhaifu, ambao wengi wetu tunaudhania kuwa mpole, ndio unaounguza zaidi. Viwanda vya Ufipa vimekuwa katika hali inayoelekea huko kwa miaka yote ya njia ndefu na majenereta. Jenereta ya kiwanda ina tatizo hilo hilo kwa kiasi kikubwa zaidi, maana mkondo wake wa shoti ni mdogo na hufifia upesi. Bodi inayolishwa na TANESCO mchana na jenereta umeme unapokatika ina hesabu mbili, na lebo inapaswa kubeba iliyo mbaya kuliko nyingine.

Basi gridi imara ni usalama mtupu? Hapana. Kila saketi breka ina uwezo wake wa kukata, ulioandikwa ubavuni kwa kiloampia, na mafundi wachache huusoma wakati wa kununua. Breka ya kiloampia 16 iliyotosha kabisa pale ambapo mkondo wa shoti ulikuwa 11, inakuwa pungufu siku mkondo unapofika 17. Ikiitwa kukata mkondo unaoizidi, breka yenyewe hupasuka na kuwa chanzo cha mwako. Hakuna mtu atakayekuwa ameigusa wala kuibadilisha. Kilichobadilika kitakuwa mbali, kwenye kituo cha kupozea umeme, na mwenye kinu hatakuwa ameambiwa.

Lipo eneo moja ambalo kila fundi wa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere anapaswa kulijua kuliko mengine: kipande kilicho kati ya transfoma na swichi kuu. Fundi akizima swichi kuu, mota zinanyamaza, taa zinazimika, naye anaamini bodi imekufa. Ncha za juu za swichi hiyo bado zina umeme wote wa transfoma. Kinachozilinda ni fyuzi zilizo juu ya nguzo, upande wa kilovolti 33, na fyuzi hizo zinaliona tao kwa mbali sana: ampia 6,300 za upande wa volti 400 ni ampia 76 tu kule juu. Fyuzi sahihi itakatika, ila si kwa kasi ya breka. Na iwapo mtu aliwahi kuiondoa akafunga kipande cha waya wa kawaida ili umeme urudi upesi wakati wa mavuno, moto utawaka hadi ukose shaba ya kula. Kukaza skrubu ya ncha za juu huku swichi kuu ikiwa imezimwa ni kazi ambayo hufanywa na mafundi waangalifu kabisa, watu wanaozima kwanza kabla ya kugusa. Ndiyo maana naichukia zaidi hatari hii: inamnasa hata aliyefuata kile alichofundishwa.

Kwa hiyo lebo ninayoitaka kwenye bodi kuu ya kiwanda kile, kikiwa bado kwenye njia dhaifu, ingesomeka hivi, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili: Hatari, mwako wa umeme. Volti 400. Joto kalori 41 kwa sentimita mraba, umbali wa sentimita 45. Mpaka wa hatari mita 4. Usifungue bodi hii ikiwa na umeme. Vyanzo ni viwili, TANESCO na jenereta. Kuzima swichi kuu hakuondoi umeme kwenye ncha za juu. Na chini kabisa, mwezi na mwaka wa hesabu, pamoja na jina la mhandisi aliyeipiga. Nasisitiza tarehe na jina. Lebo isiyo na tarehe haiwezi kujulikana kama ilipigwa kwa umeme wa Mbala au wa gridi, na isiyo na jina haina wa kuulizwa.

Zile mita 4 si pambo. Ni umbali ambao joto la kalori 41 hushuka hadi 1.2, mahali ngozi inapoanza kuungua. Ingia katika kinu chochote cha mjini wakati wa mavuno uangalie mita 4 kutoka kwenye bodi pana nani. Pana kijana anayemimina mahindi, pana anayefunga magunia, na mara nyingi pana wateja kwenye foleni na madebe yao, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Hakuna hata mmoja wao aliyesaini mkataba wa kazi ya umeme. Gharama ya kuihamishia bodi kwenye chumba chake, au angalau kuijengea ukuta na mlango, ni ndogo mno kwa kiwanda chenye transfoma yake, na sioni udhuru wa mwenye kiwanda kutofanya hivyo.

Kinu ni makazi mabaya ya bodi kwa sababu nyingine pia. Unga hupenya kila tundu, hutua juu ya vihami, na masika yakiingia hunyonya unyevu. Hapo umeme hupata njia ya kutambaa. Unga wa mahindi uliotimka hewani kwa wingi unaweza wenyewe kulipuka ukipata cheche. Panya hufuata nafaka, na usiku wa baridi hufuata joto la bodi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru nchini Kenya, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Kiumbe kidogo kinatosha. Kuziba matundu ya nyaya kwa gilandi zinazofaa, na kufagia bodi ikiwa imezimwa kila baada ya muda, hakuhitaji mhandisi wala mkopo.

Uwanda wenyewe una masharti yake. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na vifaa vingi vya umeme wa kilovolti hutengenezwa kwa kudhani kwamba vitafungwa mahali pasipozidi mita 1,000. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa nyepesi huzuia umeme kuruka kwa nguvu pungufu. Vifaa vya volti 400 huwa vimehesabiwa hadi mita 2,000, kwa hiyo vinu vya mjini vimo ndani ya mpaka. Anayeagiza swichi za kilovolti 33 kwa ajili ya Ufipa bila kutaja mwinuko ananunua kifaa cha pwani.

Halafu kuna baridi. Juni na Julai, wakati mahindi yamejaa na mashine hazipumziki, asubuhi ya Ufipa hutetemesha. Mafundi na vibarua huvaa masweta na majaketi ya mitumba, na mengi ni ya poliesta. Kitambaa hicho kikipata joto la tao huyeyuka na kugandamana na ngozi, na kidonda kinachotokea ni kibaya kuliko ambacho moto peke yake ungeleta. Pamba nzito isiyochanganywa haizuii tao kubwa, lakini angalau haiyeyuki mwilini. Nguo maalumu zilizopimwa kwa ajili ya tao zipo, na huandikwa kalori zinazozihimili. Daraja la pili ni kalori 8, la nne 40. Hata hivyo simshauri mwenye kinu aanze kwa kununua vazi la kalori 40. Vazi la namna hiyo linakinga moto na si mshindo, na likiwa kabatini humtia fundi moyo wa kufungua bodi hai. Namba kubwa kwenye lebo inapaswa kusomwa kama amri ya kuzima.

Na kuzima kuna adabu yake. Zima kwenye chanzo, funga kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa anayefanya kazi, ning'iniza kadi yenye jina lake, kisha pima. Kipimo kijaribiwe kwanza mahali penye umeme unaojulikana, kitumike kwenye bodi iliyozimwa, kisha kijaribiwe tena mahali pa kwanza. Vinginevyo betri iliyoisha itakuambia bodi imekufa nayo iko hai. Mita ya kupimia iwe na alama ya CAT III au, kwa bodi kuu, CAT IV, volti 600. Mita hafifu zisizo na kinga hiyo zinaweza kupasuka mkononi na kuanzisha tao lenyewe. Anayepima yuko mbele ya bodi ambayo bado haijathibitishwa kuwa imekufa, kwa hiyo dakika hiyo ndiyo anayohitaji kinga ya uso na glavu kuliko dakika nyingine yoyote.

Naambiwa mara kwa mara kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Sikubali, na sababu yangu ni ya kijiografia. Mtu aliyeungua nusu ya mwili Sumbawanga yuko zaidi ya kilomita 300 kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, na zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Muhimbili. Aliyeko Kirando au Mtowisa ana barabara nyingine ya kuimaliza kabla ya kufika Sumbawanga. Madaktari wetu wa mkoa wanafanya wanachoweza, lakini jeraha la moto mkubwa hupiganiwa kwa saa za mwanzo. Palipo na umbali kama huo, kukokotoa hatari mapema ni haja ya watu masikini kuliko ya matajiri.

Pingamizi la uzito ni lile la wingi: tutapata wapi wahandisi wa kukokotoa kila mashine ya kijijini? Hatuwahitaji huko. Mashine inayokula umeme wa transfoma ya kVA 50 ya mradi wa REA, ikishirikiana na nyumba za jirani, ina mkondo wa shoti wa kama kiloampia 1.8. Hatari yake ipo, lakini ni ndogo, na lebo moja ya jumla inayosema zima, funga, pima itatosha kwa sasa. Tuanze na wenye transfoma zao wenyewe. Hao wanajulikana kwa majina katika ofisi ya TANESCO, si wengi kwa mkoa, na hesabu ya bodi kuu moja ni kazi ya siku moja kwa mhandisi anayeijua. Serikali nayo ina bodi zake za kuanzia: vihenge vya kisasa vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vilivyojengwa Sumbawanga kwa mkopo wa Poland vina mota, vipandishio na vumbi la nafaka, na vingekuwa mahali pazuri pa kuwaonyesha wenye vinu binafsi lebo iliyokamilika inafananaje.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na amweleze hatari za kazi yake. Namba ya kalori mlangoni pa bodi ni namna ya wazi kabisa ya kutimiza wajibu huo. OSHA wanakagua, EWURA wanatoa leseni za mafundi wa kufunga mitambo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa baada ya jeraha. Kinachokosekana ni kiungo kimoja katikati. Fundi mwenye leseni, hata awe hodari namna gani, hawezi kupiga hesabu hii bila kujua nguvu ya shoti ya njia inayomlisha na aina ya fyuzi iliyo juu ya nguzo, na taarifa hizo mbili ziko kwa TANESCO. Mteja hupewa namba ya mita. Apewe na namba hizi. Kibarua anayelipwa kwa siku naye asisahauliwe: hayumo kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo akiungua mara nyingi hayumo hata kwenye fidia, ilhali ndiye anayetumwa kushika tochi bodi inapofunguliwa.

Kwa hiyo maombi yangu yana wenyewe. TANESCO Rukwa, kila mteja mwenye transfoma yake apate barua moja yenye nguvu ya shoti ya njia yake ya sasa na ile itakayokuwa baada ya kuunganishwa na gridi, pamoja na ukubwa wa fyuzi zake. Na anapoomba transfoma izimwe ili afanye matengenezo, ombi lake lijibiwe kwa siku na si kwa wiki, kwa sababu kila siku ya kungoja humsukuma fundi afungue bodi hai. OSHA, mkaguzi anapoingia kiwandani aulize hesabu ya bodi kuu kama anavyouliza kizima moto, na akatae lebo isiyo na tarehe. EWURA, swali la mwako wa tao liwemo katika kumpima anayeomba leseni ya kazi za viwandani. Nawe mwenye kinu, kabla hujamwita mtu yeyote, nenda leo kasome ubavuni mwa swichi yako kuu uwezo wake wa kukata ni kiloampia ngapi, uandike kwenye daftari. Mhandisi atakayekuja kukupigia hesabu ataanza na namba hiyo.